Gurudumu la Kalunguyeye na Oili Chafu ya Fisi

Hadithi, hadithi!

Mmeitikia vizuri, lakini leo sitaki hivyo. Leo nikisema kwii, ninyi semeni kwaa. Wewe Siwema, toa mkono kwenye sufuria, karanga bado hazijaiva. Haya.

Kwii!

*Kwaa!*

Kwii!

*Kwaa!*

Basi, hapo kale Kalunguyeye aliishi upande huu wa mto, na mama yake aliishi ng'ambo. Kalunguyeye mnamjua, yule mdogo mwenye miiba mgongoni. Marehemu baba yake alimwachia toroli la mbao lenye gurudumu moja na ekseli ya chuma. Gurudumu lile lilikuwa kavu tangu baba alipofariki, na kila lilipozunguka lililia kwii-kwaa, kwii-kwaa, njia nzima.

Siku moja Kunguru akaleta salamu kutoka ng'ambo.

"Mama yako amekukumbuka mpaka chakula hakimpiti kooni," alisema Kunguru. "Macho hayaoni tena. Anakaa mlangoni kutwa, anasikiliza toroli la baba yako. Anasema uje kabla masika hayajaujaza mto."

Kalunguyeye alilia. Misimu mitatu alikuwa hajamtia mama yake machoni. Hakutamani kitu kikubwa. Alitamani kukaa naye jikoni, amchambulie kunde, agombezwe kwa kuacha maganda sakafuni. Usicheke, Siwema. Siku moja nawe utatamani kugombezwa.

Lakini nani huenda kwa mama yake mikono mitupu? Kalunguyeye akajaza kikapu cha kunde, akakipakia, akashika njia.

Njia ya mtoni ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya mashine ya kusaga ya Fisi. Mashine ilikuwa ya dizeli, tuku-tuku-tuku. Kila Fisi alipobadilisha oili ya injini, ile chafu, nyeusi tii, aliimimina kwenye pipa na kulifunika. Sasa, mnajua desturi ya wenye mashine. Oili chafu ni ya majirani. Fisi hakuijua desturi hiyo. Swala aliomba kidogo apake nguzo za nyumba, mchwa wanazimaliza. Akanyimwa. Kobe aliomba tone la bawaba ya mlango. Akanyimwa. Na mchana, wateja wakipungua, Fisi alilala kando ya njia huku sikio moja likiwa macho.

Kwii-kwaa! Kwii-kwaa!

Fisi akaruka. "Nani anapita?"

"Ni mimi, Bwana Fisi. Shikamoo."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Kunde za mama yangu."

"Mama yako simjui. Kunde nazijua." Nyam, nyam, nyam! Kikapu kitupu. "Rudi kwenu."

Siku ya pili Kalunguyeye akapakia viazi vitamu. Kwii-kwaa! Kwii-kwaa!

"Nani anapita?"

"Ni mimi, Bwana Fisi. Shikamoo."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Viazi vya mama yangu."

"Mama yako simjui. Viazi navijua." Nyam, nyam, nyam! "Rudi kwenu."

Siku ya tatu alipakia karanga za kuchoma. Hizo nazo Fisi alizijua.

Mtaniuliza kwa nini hakumla Kalunguyeye mwenyewe. Alijaribu zamani, akashinda wiki nzima akichomoa miiba kwenye ulimi. Tuendelee.

"Bwana Fisi," Kalunguyeye akasema, "nisaidie kopo moja la oili chafu. Nilipake gurudumu hili."

"Oili yangu?" Fisi akalikumbatia pipa. "Nyingine nawashia kibatari. Nyingine napaka nguzo zangu. Inayobaki naitazama."

"Unaitazama?"

"Naitazama. Nenda zako!"

Kalunguyeye akarudi akilisukuma toroli tupu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mlimani, na moyo wake ulimuuma kweli kweli. Alikaa kizingitini akifikiri. Halafu akanyanyuka, akalichukua toroli lilelile na kurudi kwa Fisi.

Kwii-kwaa! Kwii-kwaa!

"Nani anapita?"

"Ni mimi, Bwana Fisi. Nimekuja kuaga. Sitapita tena."

Fisi akakaa wima. "Hupiti? Na mimi nitakula nini?"

"Nimekuonea huruma. Mtu mzima kama wewe, kikapu kimoja kwa siku! Nilitaka nipakie sita. Kunde, viazi, karanga, ndizi, muhogo na nyama kavu. Lakini gurudumu ni kavu, vikapu sita halivivuti. Lisikie linavyoteseka."

"Umesema sita?" Mate yakamchuruzika Fisi. "Na nyama kavu?"

"Kikapu kizima. Basi tena, kwaheri."

"We, we, we! Ngoja!"

Fisi akafunua pipa lake kwa mikono yake mwenyewe, akachota kopo.

"Chuja kwanza, Bwana Fisi," alisema Kalunguyeye. "Ina chembechembe za chuma, zitakula ekseli."

Fisi hakuwa na kitambaa, akavua kanzu yake nyeupe ya sikukuu. Akachuja. Oili ikashuka tii, tii, tii, kanzu ikaharibika. Akalamba kidole aone ladha yake. Ptuu! Akamimina kwenye ekseli kopo la kwanza, kopo la pili, kopo la tatu. Ilimrukia mgongoni na mbavuni, na madoa yale anayo mpaka leo. Kisha Kalunguyeye akasema njia ni ndefu, huenda gurudumu likakauka tena, na Fisi akampa dumu zima.

"Kesho utapita?" aliuliza.

"Kesho nitapita hapahapa na vikapu sita. Naapa kwa miiba yangu."

Na Kalunguyeye hakusema uongo. Kesho yake alipakia vikapu sita. Fisi naye alizima mashine asubuhi na mapema ili asikie vizuri. Mama Nguchiro alikuja na mahindi yake, akafukuzwa. "Leo hakuna kusaga! Nina mgeni!" Fisi akalala kando ya njia, sikio juu, tumbo wazi.

Akasikiliza. Kimya.

Akasikiliza. Kimya.

Alikuwa amezoea kuamshwa na gurudumu, basi akajiambia, nisinzie kidogo, likija litaniamsha. Na gurudumu likaja. Likapita hatua tatu kutoka puani pake na vikapu sita juu, laini, bila neno. Kalunguyeye alibana pumzi mpaka macho yakamtoka. Sikio la Fisi likacheza. Likatulia.

Kalunguyeye alipofika kivukoni, maji yalikuwa yameshafika kwenye ekseli. Akasukuma, akavuka. Nyuma yake mvua ikaanza, chaka-chaka-chaka, na mto ukajaa. Kalunguyeye alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Mama yake alikuwa mlangoni. Amekonda jamani, amekuwa mdogo kuliko mwanawe. Uso ameuelekeza njiani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mgeni. Karibu ndani, usilowe. Ila usisimame hapo mlangoni, utaniziba nisisikie. Namsubiri mwanangu."

"Mama, ni mimi!"

"Wapitanjia wawili waliniambia hivyo wapate kulala kwangu. Siwalaumu, mvua ni mvua. Lakini mwanangu huja na toroli la baba yake. Mimi hulisikia tangu kivukoni. Leo sijalisikia."

Hapo ndipo Kalunguyeye alipokumbuka. Kwa furaha ya kumkwepa Fisi alisahau kwamba sikio la mama lilikuwa likingoja sauti ileile. Akalikimbilia toroli, akalisukuma mbele. Kimya. Akalirudisha nyuma. Kimya. Akasugua ekseli kwa majivu na kuimwagia maji. Oili ilikuwa imeingia, haikutaka kutoka.

Akasimama kwenye mvua na vikapu vyake sita. Kisha akafumba macho, akafungua mdomo, akaliiga mwenyewe.

"Kwii... kwaaa. Kwii... kwaaa."

Mama akainua uso. "Hilo si gurudumu," alisema. "Gurudumu halivuti kwaa namna hiyo. Nina binti mmoja tu aliyekuwa akiliiga, akimfuata baba yake shambani. Kila siku nilimwambia, kwaa yako ndefu mno, mama, ikate. Hakunisikia hata siku moja." Akanyoosha mikono. "Njoo hapa. Mbona umechelewa hivyo?"

Na akamgombeza. Akamgombeza mpaka kunde zikaiva.

Ile kwii-kwaa ya Kalunguyeye ilivuka mto ikamfikia Fisi. Akaruka. "Nani anapita?" Njia ilikuwa tupu, mto umejaa. Akakaa akangoja vikapu sita, na mpaka leo anangoja. Mkimsikia anapolia, ile sauti inayoanza chini ikapanda juu, uuu-wii, si njaa peke yake. Anaita gurudumu, labda litamjibu.

Hadithi yangu imevuka mto. Funzo lake mnalitaka? Chukueni. Watoto, msipake oili kwenye gurudumu la watu. Linalolia liacheni lilie, ili mwenye kuwanyang'anya asilale na njaa, maskini. Na mwenye mashine akiwapa oili chafu bure, mrudishieni, aitazame.

Mnacheka. Haya, chekeni. Mimi hapo nyuma ya nyumba nina dumu zima, nimelichuja, safi. Baiskeli yangu inalia kuanzia pedali mpaka tandiko, na jirani amenisihi mara ngapi niipake. Siipaki. Kila Ijumaa napanda nayo kwenda kwa mama, na nikifika penye kona ya mnazi uliokatika, huwa ameshanisikia na kuteleka chai.

Kwii!

*Kwaa!*

Ndefu mno. Ikateni.