Thuwaiba na Jini Aliyeiba Sauti Nzito

Wamesimulia waliozipokea habari za falme za kale ya kwamba mji wa Zarbuni ulitawaliwa na Sultani Ghayathi bin Muadhamu, mtu mrefu wa kimo na mwenye haiba, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba akisema "Karibuni" barazani, wageni wa nchi za mbali walijishika vifua wakidhani ni mioyo yao iliyotikisika. Na watu wa mji ule waliitukuza sauti nzito ya mwanamume kama wengine wanavyotukuza upanga, hata wazazi waliwaombea watoto wao wa kiume koo pana kabla ya kuwaombea akili.

Na katika mji huo alikuwako msichana yatima aliyeitwa Thuwaiba binti Hilali, ambaye alipotimiza miaka kumi na mitano shangazi yake alimpeleka kwa Ustadhi Sirhani, mkuu wa waimbaji wa kasri. Ustadhi huyo alikuwa na sheria moja tu, nayo ni kwamba mwanamke huimba juu. Basi akampandisha Thuwaiba juu, na juu tena, asubuhi na jioni, mpaka siku moja msichana akakohoa damu ndani ya leso. Ustadhi akaitazama ile leso, akasema, "Huyu hana sauti. Mrudisheni kwao."

Akarudishwa, na akaajiriwa katika karakana ya kutia nguo rangi ya nili, akikoroga vitambaa ndani ya masufuria saba ya shaba yaliyopangwa kutoka dogo hadi lile ambalo mtu angeweza kulala ndani yake. Na siku moja, kwa uchovu tu, aliguna, na sufuria la kwanza likamwitikia! Shaba ikavuma yenyewe mpaka nili ikafanya viwimbi. Thuwaiba akaudondosha mti wake wa kukorogea, akatazama nyuma, asione mtu. Akaguna tena, na sufuria likaitika tena.

Tangu siku hiyo akawa anayatafuta masufuria kwa sauti yake, moja baada ya jingine, na kila moja lilitaka sauti ya chini kuliko lililotangulia. Akagundua kwamba akikibana kidevu kifuani na kusukuma kwa nguvu, shaba hunyamaza kimya. Bali akiilegeza taya na kuyashusha mabega na kuiachia pumzi itoke tumboni polepole kama mvuke, shaba huvuma. Sufuria la nne lilimchukua miezi minane. La sita lilimchukua miaka miwili. Na lile la saba alipolifikia, akajaribu kwenda chini yake kidogo, sauti ikakwaruza kama ukoko wa chungu ulioungua, akajua kwamba hapo ndipo sakafu yake ilipo. Hakuhuzunika. Alifurahi kama mtu aliyeizunguka nyumba yake yote kwa mara ya kwanza.

Siri hiyo hakuijua mtu ila Nadhiri bin Khalfani, fundi wa kutengeneza vinanda vya udi, aliyekuja karakanani kutia rangi mifuko ya vinanda vyake, akasikia sauti nyuma ya ukuta, akaita, "Ee mzee wangu, hodi!" Na alipotoka msichana mwenye mikono ya buluu, Nadhiri alisimama kinywa wazi mpaka mifuko ikamponyoka. Baada ya mwezi mmoja akapeleka posa, nayo ikakubaliwa.

Basi ikawa siku ya Alhamisi, asubuhi, Sultani ameketi barazani na balozi wa mfalme wa Barzakani mbele yake, na mawaziri wamejipanga, na Nadhiri amesimama pembeni na udi mpya wa kumpa balozi zawadi. Sultani akafungua kinywa kumkaribisha mgeni. Na kilichotoka kilikuwa sauti nyembamba ya kifaranga!

Baraza lote likapigwa na bumbuwazi. Sultani akajishika koo. Waziri mkuu akakimbia mbele kwa hofu, akasema, "Maulana, umepatwa na nini?" na yeye naye akalia kama kifaranga. Nao walinzi wenye ndevu na mikuki wakaulizana, "Je, ni uchawi?" kwa sauti za wasichana wa miaka saba. Katika hofu ile kubwa, Nadhiri, Mungu amsamehe, akacheka.

"Mkamateni!" akapiga kelele Sultani, na amri ile ilivyotoka nyembamba, Nadhiri akashindwa kujizuia, akacheka mara ya pili, na kicheko chake mwenyewe kikatoka kama filimbi, kikamtisha hata akanyamaza ghafla. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Akahukumiwa kukatwa kichwa Alhamisi ya pili, saa sita mchana, katika uwanja wa kasri.

Na msiba haukuwa wa kasri peke yake. Hapakubaki mwanamume mjini mwenye sauti yake. Wauza nyama walikataa kunadi nyama yao, ngamia waligoma kwa kuwa hawakuwatambua wachungaji wao, na watoto wachanga walilia baba zao walipowabembeleza. Waume waliketi majumbani bila kusema, wakiashiria chumvi kwa kidole.

Siku ya Jumamosi, wanawake waliokuwa wakifua nguo karibu na hamamu la zamani la kuogea lililoachwa gofu walisikia sauti ya Sultani ikitoka ndani ya kuba. "Karibuni," ilisema. "Karibuni! Kari—krrr!" Na ikakatika kwa mkwaruzo wa kutisha. Wakaziacha nguo mtoni wakakimbia. Walinzi wakatumwa, wakachungulia mlangoni, wakatupa mikuki na kurudi mbio, wala hawakuweza kueleza walichokiona.

Thuwaiba aliposikia habari ya mkwaruzo ule, moyo wake ulishtuka kwa namna nyingine. Akamwambia shangazi yake, "Shangazi, huyo hatishi mtu. Huyo anajisukuma. Naijua sauti hiyo, ilinitoka mimi nikatema damu."

"Usiende, mwanangu," akasema shangazi akimshika ushungi. "Ni jini!"

"Na Alhamisi watamkata Nadhiri. Niache, shangazi."

Akaenda, akaingia chini ya kuba, na humo aliketi jini ambaye kichwa chake kiligusa dari na mabega yake yalikuwa kama milima miwili, na mbele yake umesimama mtungi mkubwa uliozibwa kwa nta, na ndani ya mtungi zilisikika sauti maelfu zikinung'unika. Jini akamwinamia, akafungua kinywa kikubwa kama tanuri, na Thuwaiba akaziba masikio kwa kungojea radi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama uzi wa hariri.

"Ewe mwanadamu," ikasema, "mbona hukimbii?"

Thuwaiba akaishusha mikono, akamkodolea macho. "Je, hiyo ndiyo sauti yako?"

Jini akaufunika uso wake kwa viganja. "Ndiyo! Cheka, kama walivyocheka majini wote. Mimi ni Zarkamu bin Hamhamu, na baba zangu saba walikuwa wapiga mbiu wa Mfalme wa majini, na kila mmoja wao alipasua mwamba kwa kutaja jina la Mfalme. Ijumaa ijayo zamu ni yangu. Nikaogopa aibu, nikazikusanya sauti nzito za mji huu mzima. Lakini nikinywa funda moja na kuimba, inanikatika kooni! Hainikai."

"Zirudishe kwa wenyewe."

"Siwezi kwenda mbele ya Mfalme mikono mitupu. Nifundishe kuimba chini, nami nitazirudisha. Ukishindwa, nitaichukua na yako."

Thuwaiba akasema, "Nakubali. Lakini usinywe hata tone moja la mtungi huo. Nataka nikusikie wewe."

Akamsimamisha nje uani, maana chini ya kuba asingeweza kunyoosha shingo, na akamwamuru aiachie taya ilegee, na mabega yashuke, na asikibane kidevu. "Sasa liite jina la mama yako," akasema, "kama unavyomwita ukiwa huna hofu yoyote." Jini akaita, "Rakwana," polepole. "Basi hapo ndipo unapoanzia," akasema Thuwaiba. "Tushuke kutoka hapo, ngazi moja moja, na kwa upole. Chini hakuendwi kwa nguvu."

Wakashuka ngazi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Ya tano sauti ikakwaruza ikafa. "Simama," akasema Thuwaiba. "Hiyo ni sakafu yako ya leo."

Jini akaghadhibika, akapiga teke ukuta wa uani ukaanguka wote. "Sakafu! Mimi mtoto wa Hamhamu! Baba yangu hakuwa na sakafu!"

"Alikuwa nayo, nawe hukuisikia tu. Hata mimi ninayo. Sikiliza." Na Thuwaiba akavuta pumzi, akaanza kushuka, ngazi ya kwanza mpaka ya saba, na alipofika kwenye sauti ya sufuria kubwa, vumbi likamwagika kutoka kwenye kuba, na kokoto zikacheza chini, na jini akaketi kitako kwa mshangao, kwa sababu katika mtungi wake wote, wenye sauti ya Sultani na mawaziri na wachungaji wa ngamia, hamkuwa na sauti kama ile. Kisha Thuwaiba akajaribu chini yake, ikakwaruza. "Umesikia?" akasema. "Hapo ndipo ninapokoma. Sikuchagua mimi, wala wewe hukuchagua pako. Lakini mtu asiyejua anapokoma hujiumiza kila siku."

Jini hakuvunja tena ukuta. Wakafundishana Jumapili, na Jumatatu, na Jumanne, na kila koo lake lilipochoka Thuwaiba alimnywesha maji ya uvuguvugu na kumkataza kusema. Jumatano alikuwa ameongeza ngazi moja, laini na safi. Moja tu. Na jini akalia, kwa kuwa baba zake walishuka ngazi tisa, na Thuwaiba naye akalia kimoyomoyo, kwa kuwa kesho ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi akaja na macho mekundu, akasema, "Zarkamu, tumeshuka siku tano. Hatujawahi kupanda."

"Juu ni kwa watoto," akasema jini kwa aibu.

"Mwalimu wangu alinilazimisha juu kwa kuwa mimi ni mwanamke, nawe umejilazimisha chini kwa kuwa wewe ni dume. Mwite mama yako. Panda ngazi moja moja, na usisukume."

Jini akaita, "Rakwana." Akapanda ngazi, akaita tena. Akapanda ya tano, na ya kumi, na ya kumi na tano, na sauti haikukwama wala haikuchuja, bali ilizidi kung'aa, na njiwa wa mji mzima wakainuka mapaani na kuja kutua juu ya kuba, na Thuwaiba akahisi nywele zikimsimama. Na sauti ile haikupasua kitu. Ilipita juu ya mji, ikapita jangwa, ikaenda.

Ndipo, kutoka Jabali Samadi, ambalo ni safari ya siku saba kwa ngamia aendaye mbio, ikarudi sauti ya mwanamke mzee.

"Nimekusikia, mwanangu. Mbona miaka mia tatu hukuniita?"

Zarkamu akaanguka kifudifudi. Na Thuwaiba akastaajabu, maana hakuna mpiga mbiu, wa binadamu wala wa majini, aliyepata kusikika mbali hivyo. Jini alipoinuka, aliufuta uso, akauchukua mtungi kwa mikono miwili na kuupasua juu ya kizingiti, na sauti maelfu zikatoka kama nyuki waliofukuzwa mzingani, zikaelekea mjini. "Nenda!" akamwambia Thuwaiba. "Jua limekaribia utosini!"

Na uwanjani Nadhiri alikuwa amekwisha kupigishwa magoti, na mkata vichwa ameinua upanga, na Sultani amenyanyua mkono kutoa amri. "Pi—" akaanza kwa sauti ya kifaranga, "—ga!" ikamalizika kwa ngurumo iliyowaangusha watu wa safu ya mbele. Mkata vichwa alishtuka hata upanga ukamtoka ukachoma mchanga. Sultani akaduwaa, mkono ungali juu, amesahau alitaka nini. Na watu wote wakaanza kusema kwa pamoja, kila mtu akijaribu jina lake, na wengine wakikumbatiana na kulia.

Hapo Thuwaiba akatokea akitweta, mikono yake ya buluu, akasimulia yote. Ustadhi Sirhani akapaza sauti, "Maulana, usimsadiki! Namjua huyu, hana sauti. Na tangu lini mwanamke akaimba chini?"

"Imba," akasema Sultani.

Akaimba. Na Ustadhi Sirhani aliketi mchangani taratibu kama mtu aliyeishiwa miguu, akasema peke yake, "Niliiona damu. Niliiona, nikasema hana sauti." Na siku hiyohiyo alivua joho lake la ukuu wa waimbaji bila kuamriwa na mtu.

Nadhiri akafunguliwa. Sultani akawapeleka wawili wale katika chumba cha ndani, akawaondosha watumishi wote, kisha, kwa shida, akasema, "Binti, koo linaniuma kila siku tangu nilipokuwa na miaka kumi na minane. Marehemu baba yangu aliniambia Sultani husemea chini. Nipime."

Thuwaiba akamwambia alegeze taya, na ashushe mabega, na ataje jina la mtu anayempenda. Sultani akasema, "Shahirani," na sauti ikatoka ngazi mbili juu ya ile iliyojulikana na watu, ya kati, ya kawaida, na yenye upole ambao hakuna aliyepata kuusikia kwake. Na mkewe, Bi Shahirani, aliyekuwa nyuma ya pazia, akatoka akiwa amefadhaika, akauliza, "Nani huyu mwanamume aliyeniita?" Alipomwona ni mumewe, na mumewe analia, akajifunika mdomo kwa ushungi, naye akaketi.

Basi Thuwaiba na Nadhiri wakaozeshwa, wakapewa karakana ya nili iwe mali yao, na nyumba yenye vyumba arobaini iwe chuo cha waimbaji, wakaishi katika neema na kuzaa wana na mabinti. Na siku ya harusi Sultani alisimama kuwaombea dua kwa sauti yake mpya ya kati, na waliokuwa nyuma ilibidi wasogee mbele ili wamsikie, nao wakasogea wote, kimya, bila kuamriwa.

Basi mwenye kusikia na azingatie: Muumba amempa kila kiumbe sauti na mpaka wake, na anayetafuta mpaka wake kwa upole hupata zaidi ya alivyodhani, bali anayejivika sauti ya mwingine huumiza koo lake na hata la jirani. Tuliyopewa kusimulia yameishia hapa, na kujua zaidi ni kwa Mola.