Kuku wa Mtihani wa Dokta Kihwele

Mniwie radhi mapema: hadithi hunishinda. Hii nilipomsimulia mke wangu, alicheka kabla sijafika penye kichekesho. Kumbe zipu yangu ilikuwa wazi. Basi ipokeeni hivyo hivyo, kisha mpelekeeni yeyote mwenye kuku.

Dokta Kihwele alifundisha ustawi wa mifugo katika chuo kimoja cha kilimo. Siku moja akawatangazia wanafunzi wa mwaka wa mwisho: "Jumatatu kila mmoja aje na insha, na kuku mmoja mzima. Asiyefaulu havai joho."

Senkondo alikuwa mmoja wao. Somo hilo alikuwa analirudia, na kwao mama yake alishashona nguo ya mahafali. Akaandika kurasa kumi na mbili: kuku ana maumivu, kuku ana hofu. Mwishoni akaapa kwamba hata nyama ameacha.

Jumatatu akakodi bodaboda. Kuku akamfunga miguu, akamning'iniza kwenye usukani, kichwa chini.

"Kijana," akauliza Mzee Mbwilo, mlinzi wa getini, "huyo kuku anasoma namba za pikipiki?"

"Mzee wangu, usinicheleweshe! Nina mtihani wa haki za wanyama!"

Nyuma yake alikuja Tulinagwe, mwanafunzi mwenzake, kwa miguu, kuku kamkumbatia ndani ya khanga.

Senkondo akaangua kicheko. "Dada, umeshamnyonyesha?"

"Anyonye nini, kaka? Jumapili namla na ugali."

"Unamla, na bado unambembeleza!"

"Kufa atakufa mara moja. Ya nini nimuue njia nzima?"

Darasani, Dokta alizisukuma insha pembeni bila kufunua hata moja, akamwita mlinzi.

"Mzee Mbwilo, tusomee."

Mzee akafungua daftari la getini, akakohoa kama hakimu. "Kuku walioingia kichwa chini, thelathini na mmoja. Walioingia ndani ya kiroba, sita. Aliyeingia akiona anakokwenda, mmoja."

Darasa zima likageuka kumtazama Tulinagwe.

"Lakini Dokta," Senkondo akaruka, "yule anakula nyama! Mimi nimeacha kabisa!"

"Hongera. Ila kuku wako hana habari kwamba umeacha nyama. Anachojua ni kwamba umemfunga miguu."

Mwaka huo joho alivaa Tulinagwe. Mama Senkondo alisubiri mwaka mzima, na ile nguo ikabidi iongezwe kiunoni.

Funzo: Ule nyama au usile, mnyama anakujua kwa jinsi unavyomshika akiwa hai. Ningeendelea kuwahubiria, ila nakimbilia nje: tangu nianze kuwaandikia, kuku wangu wa Jumapili ananing'inia kwenye usukani wa baiskeli, na naona ameshaacha kunitukana.