Kiboko Aliyekodisha Kasri

Hodi, wasikilizaji, hadithi iko mlangoni.
— Karibu, ipite ndani.
Ina miguu minne.
— Ijifute matope, ikae.

Basi hapo kale palikuwa na kasri. Kasri kweli kweli, si mchezo: milango ya nakshi, sakafu nyeupe unayoona uso wako, kumbi tatu, na nyuma yake bustani ya asumini yenye birika la maji linaloimba chub-chub-chub mchana kutwa. Mfalme wake alikufa bila mrithi, na wanyama wakakubaliana jambo zuri sana: kasri lisikae bure, kila mwenye shughuli yake aje alikodi.

Aliyewekwa kulitunza ni Bi Pimbi. Alikuwa mdogo hata ufunguo wa lango aliubeba begani, lakini kazi aliijua. Akifagia, fya-fya-fya, vumbi linaomba radhi. Akipiga deki, swa-swa-swa, sakafu inacheka. Alilipenda kasri lile, na mimi nampenda kwa hilo.

Mwaka ule Mama Kanga alikuja mapema kukodi bustani kwa harusi ya binti yake, Chaurembo.

"Mimi niliolewa kichakani, mvua inanyesha, hata mkeka sina," alisema. "Mwanangu na akae penye asumini."

Bi Pimbi akamshika bawa, akamwahidi.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi, di-di-di, ardhi ikatikisika. Bwana Kiboko huyo.

"Bi Pimbi, Ijumaa nataka ukumbi wa kwanza."

"Utaupata, bwana."

"Na wa pili."

"Utaupata, bwana."

"Na wa tatu."

"Utaupata, bwana. Wageni wako wengi?"

"Sina wageni. Nakula peke yangu, nataka nafasi. Na bustani pia."

"Bustani ina mwenyewe, bwana. Mama Kanga anamwoza binti yake."

"Akamwoze jalalani. Ile asumini nimeinusa toka mtoni, imenona. Nitaila yote mpaka mizizi."

Bi Pimbi aliingiwa na hofu, kisha hasira, na hasira ikashinda. Lakini mwili wake wote ulikuwa sawa na sikio la Kiboko. Ndipo akakumbuka sheria ya kasri: mwenye haja hutamka mwenyewe barazani, mbele ya wote, na alilotamka ndilo linaloshikwa.

"Sawa, bwana," akasema kwa upole. "Panda barazani utangaze. Sisi wadogo husema *nimekodi*. Kaneno kafupi, kanatutosha sisi. Sijui mkubwa kama wewe atasemaje."

Kiboko akatafakari. Akavimba shingo.

"Mkubwa husema *nimekodisha*," akajibu.

"Lo, neno zito hilo," akasema Bi Pimbi, akainama kuficha meno.

Baragumu likapigwa, puu-puu, wanyama wakajaa. Kiboko akapanda barazani, mawe yakalia.

"Mimi Kiboko, siku ya Ijumaa, nimekodisha kumbi zote tatu. Tena nimekodisha na bustani."

"Mmemsikia?" akauliza Bi Pimbi. "Bwana Kiboko anakodisha. Nani anakodi?"

"Mimi nakodi bustani," akasema Mama Kanga upesi.

"Mimi nakodi ukumbi wa kwanza," akasema Nungunungu, "nina kikao cha ukoo."

"Mimi wa pili," akasema Kima, "wajukuu wanataka ngoma."

"Mimi wa tatu," akasema Kobe, "na naanza kuja sasa hivi."

"Ngojeni," akasema Kiboko. "Kasri nimelichukua mimi."

"Ulisema umekodisha, bwana. Mara mbili. Anayekodisha hufagia, huteka maji, hupokea wageni mlangoni, na hula wa mwisho. Au neno hukujua maana yake?"

Wanyama wote wakamtazama. Kiboko akameza mate, gulu. Kusema hakujua, aibu. Kusema alijua, kazi.

"Nalijua sana," akasema. "Ndivyo nilivyokusudia."

Ijumaa Kiboko akafagia, fya-fya-fya. Akateka maji, mapipa saba. Akasimama mlangoni, "karibuni, karibuni," mpaka midomo ikakauka. Chaurembo akakaa penye asumini, akapendeza jamani, na mama yake akalia kwa furaha bila kujificha. Sufuria zilipomfikia Kiboko, kulikuwa na ukoko. Akaukwangua, kwa-kwa-kwa.

Na Bi Pimbi? Miaka yote ile hakuwahi kuketi katika kasri lake. Siku hiyo aliketi kwenye mto wa hariri, miguu juu, sahani ya pilau mapajani.

"Bwana Kiboko," akaita, "pale kizingitini umeacha vumbi."

Fundisho ni hili, watoto wazuri: mkubwa akikosea neno, msahihishe papo hapo, kwa adabu. Msije mkafanya kama Bi Pimbi, mkaishia kula pilau mmekaa.

Nimeshusha mzigo wangu, wenye mabega wauchukue.
— Tumeuchukua, pumzika.