Fisi na Vishina vya Mwani

Mwaka huo mvua ziligoma kabisa. Nyasi zilikauka, visima vikatoa matope, na wanyama wa bara wakateremka pwani wakiwa mifupa mitupu. Huko Bi Kaa akawaonyesha mwani ulioshika miambani, chakula cha wenyeji wa ufuo ule tangu zamani.

"Maji yakipwa, kateni ncha," aliwaambia. "Shina liacheni mwambani lichipue tena. Anayeng'oa anatuua sote."

"Mmesikia!" alinguruma Simba, kana kwamba maneno ni yake.

Sungura akajitwika upishi. Aliuosha mwani mpaka mchanga ukatoka wote, akaupika kwa tui na ndimu, na kila aliyekuja kuonja alikuta mpishi ameshaonja zaidi.

Siku moja maji yalipopwa, Sungura alikuta mwamba mzima mtupu, kama kichwa kilichonyolewa. Kando ya mwamba huo Fisi alikuwa amejilaza mchangani, tumbo limefura, meno ya kijani.

"Kwema, kaka Fisi?"

"Kwema. Mimi leo nimefunga."

Sungura alijua akimshtaki, Fisi atakana, na Fisi ana taya. Akacheka kimoyomoyo, kisha akapaza sauti: "Jioni Simba atachagua mnyapara wa chungu! Mwenye mwani mwingi kuliko wote ndiye atakayepakua!"

Simba hakuwa na habari hiyo, ila hakutaka ijulikane. "Ndivyo nilivyoamua," akasema.

Jioni kila mnyama alileta konzi yake ya mwani. Fisi, mate yakimchuruzika, akaburuta kutoka pangoni mwake lundo lililomzidi kimo.

"Umeuvuna wewe wote huu?" Sungura aliuliza kwa mshangao mtamu.

"Peke yangu! Kwa meno yangu!"

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Nani? Wavivu hawa?" Fisi akacheka.

Bi Kaa alipanda juu ya lundo, akainua shina. Lilikuwa bado limeng'ang'ania kipande cha jiwe. Akainua jingine, nalo vilevile. Kicheko cha Fisi kikakatika.

"Umeng'oa!" Simba alifoka.

"Bwana mkubwa, uling'oka wenyewe..."

"Mashina yangali mabichi," alisema Bi Kaa. "Atayarudisha."

Wakampa kamba. Fisi akasimama majini hadi kifuani, akifunga shina moja moja mwambani, huku upepo ukimletea harufu ya tui.

Mwani ulipochipua tena, hakuna aliyekata ncha kwa uangalifu kama Fisi, maana Bi Kaa alikuwa amekaa kichwani pake, gando wazi, kando kabisa ya sikio.