Kufumua Siyo Kukata

Wapendwa, leo naomba kina baba mnivumilie, maana neno langu linaanzia kwenye nywele za kina dada. Najua wapo watakaosema mchungaji kaishiwa mahubiri kaingia saluni. Semeni tu. Na ninyi vijana wa kipaimara mlioketi hapa mbele, ambao mmoja wenu aliniuliza swali juzi darasani nikabaki nakohoa tu, leo nataka masikio yenu yote mawili.

Alikuwepo binti mmoja wa miaka kumi na saba. Wenzake walishapata kipaimara zamani, ila yeye shule ya bweni ilimchelewesha. Alipomaliza kidato cha nne akaingia darasa moja na watoto wadogo kwake, akakaa benchi la nyuma na magoti yake marefu. Mtoto mpole, mwenye adabu, anajua majibu yote ya katekisimu. Mwalimu alimpenda. Nani asingempenda?

Baba yake akaugua. Wiki ile baba alipolazwa, shangazi yake, dada wa baba, ambaye kazi yake ni kusuka, alimketisha akamsuka rasta nyembamba ndefu mpaka kiunoni. Binti akaenda nazo wodini. Baba akainua mkono, akaushika msuko mmoja, akasema, "Leo umependeza, mama." Siku ya kumi na mbili baba akafariki.

Sasa mnaelewa kwa nini hakutaka kuzifumua. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Rasta zikapauka, zikalegea, zikawa zinaning'inia mbali na kichwa. Watu wakamtania, yeye akatabasamu na kufunga kitambaa.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ndiyo kipaimara. Gauni jeupe limeshapigwa pasi, kuku wawili wamefungwa miguu nyuma ya jiko, na shangazi ameahidi kuja mchana kumsuka upya. Lakini binti alikuwa ameshakata kauli peke yake: kesho sisimami mbele ya watu kusema naamini wakati siamini. Shangazi akija namwambia. Na kwa kuwa alitaka kumalizana na kila kitu siku ile ile, akachukua mkasi aanze na nywele.

Kina dada, nisaidieni hapa kama nitakosea, maana nimeuliza nyumbani. Ukifumua rasta unakata kwanza ule mwisho, zile nywele za kuongezea zilizonunuliwa dukani, halafu unafumua kwa vidole ukipanda juu taratibu. Lakini kabla ya kukata lazima upapase, ujue nywele yako mwenyewe imeishia wapi. Ni kweli? Haya. Yule binti hakupapasa. Alikata kwa hasira, msuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, juu kabisa karibu na sikio. Alipotazama sakafuni akaona ndani ya zile rasta nywele zake mwenyewe, zimeondoka pamoja nazo. Akaketi pale pale akalia, na hakuwa analilia nywele.

Shangazi akamkuta hivyo. "Wewe! Nani kakwambia ukate?" Akamnyang'anya mkasi. "Kufumua siyo kukata, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Akamketisha kwenye mkeka katikati ya magoti yake, akaanzia kisogoni, mahali ambapo mtu hawezi kujifumua vizuri peke yake. Kisha binti akauliza, "Shangazi, mbona zimelegea hivi? Mimi nilijua zinanyonyoka. Nikijitazama kwenye kioo naona aibu."

Shangazi akacheka. "Zinyonyoke wapi! Lete mkono." Akakichukua kidole cha binti akakiweka kwenye ngozi ya kichwa, akakipandisha taratibu mpaka pale msuko unapoanzia. "Umesikia? Pingili mbili nzima. Hizi hazikuwepo nilipokusuka. Msuko umelegea kwa sababu nywele zako zimekua. Ungekuwa hukui, nilivyokubana siku ile ndivyo ungekuwa umebanwa mpaka leo."

Sijui ni lile neno au ni ule mkono kichwani. Binti akashindwa kujizuia.

"Shangazi, kesho sisimami."

"Kwa nini?"

"Siamini tena. Au labda naamini, sijui. Niliambiwa nikiomba bila shaka hata chembe, baba atapona. Nikaomba. Lakini siku moja pale kwenye korido ya hospitali nikajiuliza, hivi kuna anayenisikia kweli? Siku moja tu, shangazi. Na baba akafa. Kwa hiyo ama Mungu hayupo, ama yupo na mimi ndiye niliyemuua baba kwa shaka yangu. Sasa nichague lipi?"

Jamani. Mtoto alibeba mzigo huo miezi mitatu, Jumapili hadi Jumapili, na sisi watu wazima tukawa tunamsifu kwa utulivu wake! Hivi ni wangapi wametulia namna hiyo humu ndani asubuhi hii? Tumewahi kuuliza?

Vidole vya shangazi vikasimama. Na hapa, wapendwa, ndipo mambo yanapogeuka, maana yale maneno ya "bila shaka hata chembe" hayakutoka kwa mhubiri wa redioni wala kwa mgeni aliyepita. Aliyemwambia binti maneno yale ni shangazi huyu huyu. Alimwambia siku ile akimsuka, akivuta na kubana, akirudia kila baada ya msuko: amini tu, usitie shaka, baba atapona.

"Ni mimi niliyekwambia," shangazi akasema. "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Nilitafuta neno la kushikilia, nikalisuka kichwani kwako. Mungu hakukuambia vile. Nilikuambia mimi. Hukumuua baba yako. Nisamehe."

Binti aliegemeza kichwa kwenye goti la shangazi, nusu kimefumuliwa nusu bado, wakalia wote wawili mpaka mkeka ukalowa. Jirani mmoja aliyekuja kuleta sufuria za sherehe alichungulia, akaziweka mlangoni polepole, akarudi zake. Mungu ambariki jirani yule.

Walipofuta machozi, binti akauliza, "Na wewe hujawahi kujiuliza kama anasikia?"

"Mara ngapi! Mpaka leo asubuhi nilipokuwa nakoroga uji."

"Na kwaya unaimba?"

"Naimba. Pale pumzi inapoishia, wenzangu wanaishika sauti, mimi navuta pumzi. Nikishapata, naingia tena. Wao nao wakiishiwa, mimi nashika. Wewe ukiwa umekaa kule chini unasikia wimbo mmoja tu, hujui nani amenyamaza."

Kazi ikawa nyingi, wageni wakaanza kufika, muda wa kusuka upya ukakosekana. Kwa hiyo kesho yake binti akaenda kanisani na nywele zake mwenyewe, zimechanwa tu, upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Hakuwa ameahidi kitu. Alimwambia shangazi, "Nitasimama. Kusema sijui."

Mnajua jinsi tunavyouliza pale madhabahuni. Tunauliza kama watadumu katika imani, nao wanajibu kwa pamoja, "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu." Watoto wote wamekariri, wanalipaza jibu hilo kama wako gwaride. Siku ile nao wakapaza. Kwenye "ndiyo" mdomo wa binti haukufunguka kabisa. Alisimama pale na gauni lake jeupe, akifikiri sasa imekwisha. Lakini wenzake walipofika kwenye yale maneno mengine sauti ikamtoka, kubwa, yenye kilio ndani yake, ikawapita wote. "Kwa msaada wa Mungu!" Mchungaji akainua macho kwenye kitabu. Kule kwaya shangazi akashika mdomo kwa mkono wake.

Je, yule binti alijibu au hakujibu? Nimeulizwa swali hilo na wazee wawili, mmoja kwa ukali. Mimi nasema alijibu kuliko wote.

Vijana wangu, nawapenda, na sitawadanganya. Imani tuliyowasuka mkiwa wadogo lazima ilegee, kwa sababu hamjabaki wadogo. Mkiona imelegea msikimbilie kusema nimekufa kiroho. Pengine ni pingili mbili za kukua ambazo hamjazishika kwa kidole. Na mkiwa na hasira na sisi, na mengine tumeyastahili, wekeni mkasi chini kwanza. Papaseni. Lipi ni la dukani, lililoongezwa na mtu kwa hofu yake, na lipi limeota kichwani kwenu lenyewe? Ile siku uliyomlilia Yesu bila mtu kukufundisha, hiyo usiikate. Na kisogoni usijifumue peke yako. Njoo kwa mtu. Njoo kwangu, hata kama nitakohoa tena.

Na sisi wazazi, walimu, wachungaji, tusijifanye wakali mtoto anapouliza. Tusimame kidogo tujikague vidole. Yako maneno tuliyowabana nayo tukayaita ya Mungu, nayo yalikuwa hofu yetu tu. Bwana wetu alipofufuka, yule mwanafunzi aliyetia shaka akataka kugusa makovu yake hakumfukuza, alimnyooshea mkono. Sisi ni nani tuwe wagumu kuliko yeye? Kumwambia mtoto "nisamehe, nilikosea" hakutupunguzii heshima hata kidogo.

Jumapili ijayo, vijana, ni zamu yenu. Nitawauliza, na huenda mmoja wenu "ndiyo" yake ikamkwama hapa kooni. Mwanangu, nakuomba, usitoke mstarini. Wanaojibu "ndiyo" tupu wako wengi, na kama Mungu angetaka hiyo tu, tungekufundisha uishie hapo. Subiri kidogo. Yako maneno manne yanayofuata, na kanisa limeyaweka pale kwa ajili yako.