Heshima Isiyouliza

"Heshima isiyouliza huchoma mara mbili." Mmemsikia Mbonea akimwambia mdogo wake maneno hayo jikoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua heshima ilipata wapi sindano. Haya, tulieni. Methali hii ilizaliwa katika nyumba hii hii, hapa Usangi, na chanzo chake ni hiki.

Nakiete alipoolewa, mama yake mzazi alimwachia usia: mama mkwe haulizwi kazi. Ukimwuliza "Umeshafanya?" ni kama unamkagua. Nakiete akaushika usia huo. Naye mama mkwe wake, Bi Namkunda, alikuwa mwema lakini ana kiburi chake. Hakuona kwa nini mtu mzima atoe taarifa kwa mkwewe. Waliishi vizuri, kila mmoja na kimya chake.

Kisha Mbonea, binti wa Nakiete, akapatikana na kisukari angali mdogo. Wanawake wote wawili wakafundishwa hospitalini kumchoma insulini kabla ya kula. Kila asubuhi Nakiete ndiye aliyechoma.

Siku moja alikawia kukata majani ya ng'ombe. Bi Namkunda akaona mjukuu ana njaa, akamchoma, akarudisha dawa mahali pake, akaenda kukoroga uji. Nakiete akaingia mbio, akakuta mtoto hajala. Swali likamfika kooni. Akamtazama mama mkwe aliyeinamia chungu cha uji, akalimeza, akachukua sindano.

"Mama, tena?" Mbonea akalia.

Lakini kila siku alilia hivyo hivyo, nani angemjali?

Uji haujafika nusu bakuli, mtoto akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, na baridi yote ile ya mlimani! Bi Namkunda akamshika mkono, akaukuta umelowa.

Nakiete akapiga magoti. Hofu ilikuwa imeishinda haya yake.

"Mama, nisamehe, leo sina adabu. Asubuhi ulimchoma?"

"Nilimchoma. Kwani nawe..." Bi Namkunda akakatiza. "Ole wetu! Lete sukari!"

Insulini ikizidi, sukari ya mwilini hushuka, na mtoto anaweza kuzimia asiamke tena. Hilo walifundishwa wote wawili. Wakamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo angali macho, wakampakata juu ya pikipiki ya jirani hadi hospitali. Huko akapewa sukari zaidi na kuangaliwa kutwa, maana dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Jioni Mbonea akaomba ndizi, na Nakiete akalia kwa furaha mbele za watu.

"Kosa ni langu, mama," alisema.

"Ni letu. Wewe uliogopa kuuliza, mimi niliona kusema ni kujishusha. Heshima yetu isiyouliza imemchoma mtoto mara mbili."

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, asubuhi iliyofuata Nakiete akatoka tena kukata majani. Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, kakunja uso.

"Mama Mbonea, mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini, mama?"

"Niulize!"

Nakiete akauliza, "Umeshamchoma?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja uniulize. Haya, ingia umchome."

Wakacheka mpaka Mbonea akatoka kuwachungulia. Ndiye huyo huyo aliyewamiminia chai sasa hivi. Basi nanyi mkiwa na shaka mbele ya mkubwa wenu, mwamkieni kwanza, kisha ulizeni. Heshima isiyouliza huchoma mara mbili.