Kiboko Aliyewafukuza Wafagiaji wa Kichwa Chake

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Kiboko, tumbo mbele, akili nyuma!

Hapo kale, wakati wa kiangazi, dimbwi lilibaki moja tu, na Kiboko akalikalia. Twiga akija, "Buu! Toka!" Swala akija, "Buu! Toka!" Sange, yule mama mdogo mwenye pua kama mrija, akaja na watoto wake, ndimi zimewakauka. "Buu! Toka!"

Sasa, kichwani mwa Kiboko waliishi vimeng'enya, wafagiaji wadogo wasioonekana kwa macho. Kiboko akilala, wao wako kazini. Wanakata taka za akili vipande vipande, kwachu! kwachu! Wanazitupa nje. Kiboko akiamka, kichwa chepesi, anadhani kimejisafisha chenyewe.

Siku hiyo Sange akawasikia wakilalamika sikioni mwa Kiboko.

"Mzee, nasi tumezeeka kama wewe. Kazi imetuzidi. Tuongezee chakula kidogo."

"Chakula changu?" Kiboko akaguna. "Kwani mnafanya nini? Mbona sijawahi kuona taka humu?"

Sange akainua pua. "Utazionaje, Bwana Mkubwa, na hao wanazitoa nje kila siku? Wanakuibia!"

"Wananiibia?"

"Kilichomo kichwani mwako ni cha nani?"

"Changu!"

"Na taka je?"

"Zangu! Zote zangu! Enyi wezi, tokeni!"

Vimeng'enya wakatoka, fagio begani.

Taka zikajaa. Leo kidogo, kesho kidogo, zikalundikana, zikagandana. Kiboko akasahau jina la mkewe. Akasahau majani yako upande gani. Na bado alitembea kichwa juu, eti tajiri!

Asubuhi moja akatoka kwenda kula. Aliporudi, akawakuta Sange na wanawe wanakunywa, glu, glu, glu. Akasimama ukingoni, akakohoa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mgeni," akasema Sange. "Nani mwenzetu?"

Kiboko akafikiri sana. "Sijui, mama. Dimbwi hili ni la nani?"

"La wenye kiu. Panga foleni, nyuma ya Twiga pale. Na usikanyage watoto."

Kiboko akapanga foleni. Tena akashukuru, mkubwa mzima!

Ngano yangu imefika ukingoni, mwenye kiu anywe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: kufagia ni kazi bure. Usipoona taka nyumbani mwako, mfukuze anayefagia. Utakaa raha mustarehe, na siku ukisahau kwako ni wapi, utabisha hodi tu.